Ndoano, Jani na Kikapu

Walisema mambo matatu, na nitayataja yote, kwa sababu wengi wa walioyasema bado wako hai na wanakula mkate wangu.

La kwanza, walisema Mturkana hawezi kuishi kwa kuoka keki, kwa kuwa Waturkana hawali keki. La pili, walisema mashine ya kukanda unga itakufa kwa vumbi la Lodwar kabla haijamaliza gunia moja. La tatu lilisemwa na mjomba wangu Lokwang, mbele ya mama yangu, bila kushusha sauti. Alisema mtu aliyekwenda Nairobi miaka sita akarudi bila ng'ombe hata mmoja, ila na karatasi ndani ya bahasha, atarudi huko huko kabla mvua haijanyesha mara mbili.

Karatasi hiyo ilikuwa diploma yangu ya upishi na uokaji. Bado ninayo. Nimestaafu mwezi uliopita, na kitu cha kwanza nilichofanya nyumbani ni kuipigilia ukutani palipo na mwanga. Nyinyi vijana mliobaki jikoni mmeniomba niandike jinsi nilivyofanya kazi. Sitaandika habari za vyeo. Hivyo mnavijua, kwa maana mlikuwa mkisimama nikiingia. Nitaandika habari za mashine.

Nilirudi Lodwar mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimefanya kazi katika hoteli mbili za Nairobi, na zote mbili nilikanda kwa mashine kubwa ya kusimama, ile yenye kichwa kinachoinama juu ya bakuli kama ngamia anayekunywa. Lodwar nzima haikuwa na mashine kama hiyo. Mikate ilitoka Kitale kwa lori, na ilipofika ilikuwa imezeeka kuliko dereva. Nikajua pale pana kazi yangu.

Hoteli moja ya Kitale ilikuwa inafungwa na kuuza vyombo. Mashine ilikuwapo, pamoja na bakuli lake la chuma na viungo vyake vitatu ndani ya sanduku la mbao. Mimi sikuwa na kitu. Mama ndiye aliyenizungukia. Hakuomba fedha, maana kwetu fedha huombwa na watu wasio na jamaa. Aliomba mbuzi majike. Rafiki zake wawili wa tangu usichana walitoa mmoja mmoja. Mama Wairimu, mwenye duka karibu na soko, aliyetoka Nyeri na kufuga mbuzi wachache nyuma ya duka lake, alitoa mmoja, akasema anataka kuona mwisho wa mchezo huu. Na mjomba Lokwang, yule yule, alitoa wawili.

"Siwatoi kwa ajili yake," alimwambia mama. "Nawatoa kwa ajili yako. Wakipotea, wewe ndiye nitakayekuuliza kisimani."

Hapo ndipo mjue nilichokuwa nimekiweka rehani. Si mbuzi watano. Ni jina la mama yangu mbele ya watu aliokutana nao kila asubuhi akichota maji. Mbuzi waliuzwa, na tulikubaliana kwamba jike atalipwa kwa jike, si kwa noti.

Mashine ilifika juu ya magunia ya mahindi, nami nimeikumbatia njia nzima kutoka Kitale. Mama alipoliona bakuli alilipiga kwa ukucha, akasikiliza, akasema ni chombo kizuri cha maziwa na ni huzuni kukitia unga.

Siku ya kwanza sikuwasha kitu. Nilifanya walichonifundisha chuoni: nilichukua daftari la kurasa kubwa, nikalaza kila kiungo juu ya karatasi, nikakizungushia penseli, upande mmoja kisha upande wa pili. Watu waliokuja kuona mashine ikiruka hewani waliona mtu mzima akichora, wakaenda zao. Chora vyombo vyenu. Nitawaambia baadaye kwa nini.

Viungo vilikuwa na majina ya kizungu, lakini wanawake wawili niliowaajiri waliviita kwa sura zao, na majina hayo yakashinda. Ndoano ni kile kilichojikunja, cha unga mzito: mkate, mandazi, chapati. Jani ni kile bapa chenye mbavu, cha keki, biskuti, na kupiga siagi na sukari pamoja. Kikapu ni kile cha nyaya, cha mayai na malai ya juu ya maziwa, yaani chochote unachotaka kijae hewa. Mpishi asiyejua atauliza anataka kupika nini. Mpishi anayejua atauliza huo mchanganyiko ni mzito kiasi gani. Ukiuinua kwa mwiko ukaanguka wenyewe, ni wa kikapu. Ukihitaji kutikiswa ndipo uanguke, ni wa jani. Ukikatalia kwenye mwiko, weka ndoano, na usipite mwendo wa pili hata kama bwana harusi amesimama mlangoni.

Jani lazima lipite karibu na kitako cha bakuli bila kukigusa. Mimi hutia sarafu ya shilingi bakulini na kuzungusha mashine kwa mkono. Jani likiisukuma sarafu kidogo tu kila likipita, umeweka sawa. Lisipoigusa, siagi itabaki chini haijapigwa. Likiiburuta bakuli zima, utakula chuma.

Hayo nilitoka nayo chuoni. Ambayo sikutoka nayo ni joto la Lodwar. Kwenye vitabu vyangu siagi ilitolewa kwenye friji ikaachwa ilainike. Lodwar, saa nne asubuhi siagi ilimiminwa. Kwa hiyo keki tulipiga alfajiri, bakuli likiwa limezungushiwa gunia lililoloweshwa na kuwekwa penye upepo. Maji ya kukandia mkate yalitoka kwenye mtungi, kwa sababu ndoano ikizunguka hupasha unga, na unga ukiwa na joto kabla haujaumuka hamira hukimbia mbio kisha hufa. Na kila jioni mashine ilifunikwa shuka mbili. Walionitishia vumbi wakashindwa kwa shuka mbili.

Mkate ulinunuliwa tangu wiki ya kwanza. Walimu, wauguzi, makarani wa ofisi za serikali, madereva. Waturkana hawali keki, walisema. Nilikata keki vipande vidogo nikavipeleka sokoni, na kufikia mchana nilikuwa nafukuzana na wateja.

Lakini niwaambie pia nilipoangukia pua. Mkuu mmoja wa shule aliagiza keki yenye malai juu. Nikakusanya malai ya siku mbili, nikaweka kikapu, nikawasha mwendo wa juu. Mama alikuwa ameketi mlangoni akipeta mtama, amenipa mgongo. Baada ya muda akasema, bila kugeuka, "Zima."

Nikamwambia chuoni walisema dakika nane, na hizi ni nne.

"Mimi sijui dakika. Imebadilisha sauti. Zima."

Sikuzima. Mama yangu alikuwa ametikisa maziwa kwenye kibuyu tangu hajaota meno ya ukubwani, na mimi nilikuwa na diploma. Punde kidogo mashine ikaanza kupiga chap chap, maji meupe yakaruka kwenye shati langu, na ndani ya nyaya za kikapu likaonekana donge la siagi, safi kabisa, ya kupaka mtoto.

Mama alikuja akachungulia. "Ejok," akasema, kwa Kiturkana chetu, yaani ni vizuri. "Umesoma miaka miwili ukajua kutengeneza siagi."

Tangu siku hiyo kiti chake kilihamia karibu na mashine. Malai yakipigwa, sauti huwa nyembamba kama mvua ya mbali, kisha huwa nzito na kukaa kimya kidogo. Hapo ndipo unazima. Ukingoja ukimya uishe, umeshachelewa. Hilo halikuwa katika daftari langu. Sasa limo, kwa mwandiko wangu, na jina la mama pembeni.

Mwaka wa tatu alikuja mwanamke mmoja kutoka Kakuma, mrefu, mtulivu, jina lake Achol. Alikuwa mkimbizi kutoka Sudan ya Kusini, akiuza chai na mandazi kambini. Mpwa wake alikuwa anafunga ndoa kanisani Jumamosi ya wiki iliyofuata.

"Mimi nataka mikate ya watu mia mbili," alisema. "Na keki moja kubwa. Hii watoto hajaona arusi yenye keki. Wamezaliwa kwa njia, wakitembea."

Nilimwambia hakuna shida. Kwa kweli shida zilikuwepo. Keki iliyotoka Lodwar ingefika Kakuma ikiwa makombo, kwa barabara ile. Kwa hiyo nikaamua keki nitaipiga huko huko kwa jenereta ya kanisa na kuioka hapo hapo, na mikate nitaioka Lodwar Ijumaa. Malipo yake yangetosha kununua mbuzi majike watano, na baki. Mama alipojua, alipita kisimani akawaambia wale waliokopesha wakae tayari. Sikumtuma. Lakini likishasemwa kisimani, limeshasemwa Lodwar nzima.

Jumatano mjomba Lokwang akaja kutoka Turkwel kututembelea, na begani amebeba paja zima la ng'ombe alilogawiwa kwenye sherehe ya jamaa. Zawadi kubwa, na tulimshukuru. Mimi nikaenda kutafuta hamira. Mjomba akatafuta mahali pa kutundika paja mbwa wasilifikie. Akaona ukutani, kwenye msumari wake, imeoshwa na kukauka, ndoano.

Simlaumu. Mtu yeyote mwenye akili, aliyelelewa tulivyolelewa, akiona ndoano safi na nyama mkononi, anajua cha kufanya. Aliifunga kamba shingoni, akaichoma kwenye nyama, akaitundika kwenye boriti ya baraza. Lakini ile haikuwa chuma. Ilikuwa aluminiamu, na kazi yake ni kuzunguka ndani ya unga, si kubeba ng'ombe. Upepo wa mchana ukaanza kulibembeza paja. Niliporudi, nyama ilikuwa imelala mchangani, mbwa wawili wako pembeni wakijadiliana, na ndoano imenyooka kama kidole kinachonionyesha njia ya kurudi Nairobi.

Mjomba alikuwa amekasirika. "Ndoano yako ni dhaifu," aliniambia. "Nyama imeingia mchanga."

Mama Wairimu, aliyekuja kununua mkate, alishika mdomo asicheke. Aliponivuta pembeni aliniambia nisihangaike, hiyo imeshalipa mbuzi wawili wa mjomba, ni haki hata kwa sheria. Nikiri kwamba wazo lile lilinipendeza. Nikampelekea mama.

Mama alikuwa akipangusa nyama kwa maji. "Mbuzi aliniazima mimi," alisema. "Ndoano amevunja yako. Ukitaka kumdai ndoano, mdai. Mbuzi wangu utawalipa."

Basi hapo sikuwa na ndoano, na siku mbili tu zilibaki. Nilifanya kosa ambalo nawakataza nyote: niliweka jani kwenye unga wa mkate. Nilijiambia ni donge dogo tu, kujaribu. Jani lilikamata unga, unga ukajifunga mbavuni, mashine ikaguna kwa sauti ya mtu aliyekalishwa juu ya jiwe la moto, na harufu ya waya unaoungua ikatoka kichwani mwake. Nikazima. Pua iliokoa kile ambacho diploma ilitaka kukiua. Jani si ndoano ndogo. Lina uso mpana, na unga mzito huling'ang'ania lote kwa pamoja, na uzito wote huenda kwenye meno ya ndani ya mashine. Mkikosa ndoano, kandeni kwa mikono, na msione haya.

Lakini mikono sita haikandi mikate ya watu mia mbili na kuipeleka Kakuma kwa wakati. Mama akasema twende kwa Lomuria.

Lomuria alikuwa mhunzi aliyekaa ng'ambo ya mto, akiyeyusha sufuria kuukuu na kufanya bangili. Hakuwa amekanyaga shule. Nilimpa ndoano huku nikimweleza kwamba aluminiamu ya aina hii ikipigwa nyundo hukatika. Aliniacha niseme mpaka nikachoka.

"Ilikuwa imekunjwa vipi?" akauliza.

Nikafungua daftari. Nilikuwa nimelileta, nadhani kwa majivuno tu, nikitaka aone kwamba anaongea na mtu aliyesoma. Pale kwenye karatasi ndoano ilikuwapo, ukubwa wake kamili, pande zote mbili. Lomuria alikaa chini. Alichukua waya laini, akaufuata mstari wa penseli kwa vidole mpaka waya ukawa ndoano ya pili. Kisha akaniangalia kwa mara ya kwanza kama mtu.

"Nani alichora?"

"Mimi."

"Mkono mzuri," akasema.

Akaomba kipande cha sabuni ya kufulia. Akaisugua kwenye ndoano, pale ilipotakiwa kukunjika, kama anayeiosha. Akaishikilia juu ya makaa, akiigeuza polepole. Aluminiamu haigeuki nyekundu kama chuma. Unaweza kuitazama hivi hivi mpaka idondoke. Sabuni ndiyo inayosema. Ilipoanza kuwa ya kahawia, kisha nyeusi, aliitoa, akaiacha ipoe kidogo, akaikunja kwa kuisukuma kwenye gogo, bila nyundo, akiilinganisha na waya. Alirudia mara nne. Sabuni, makaa, gogo. Jua lilikuwa linazama aliponirudishia.

Nyumbani niliiweka kwenye mashine na kuizungusha kwa mkono. Ilipita kandokando ya bakuli pasipo kugusa, upana wa unyasi. Nikatia unga, maji ya mtungi, chumvi, hamira. Mwendo wa kwanza. Ndoano ikachukua donge, ikalipiga ukutani, ikalivuta, ikalipiga tena. Mama alisikiliza.

"Hiyo ni sauti yake," akasema.

Ijumaa tulioka tangu kupambazuka. Jumamosi mapema mikate ilikuwa Kakuma ndani ya magunia safi, na mashine iko kwenye meza ya kanisa, na wanawake wa Achol wameizunguka. Nikaweka jani kwa siagi na sukari, nikalitoa na kuweka kikapu kwa mayai, nikarudisha jani kwa mwendo wa chini kuingiza unga, na kila nilipobadilisha watoto walipiga kelele kama walioona mchawi. Sikuwakosoa. Keki ilikuwa na ghorofa tatu. Ilipoingia, bibi harusi alicheka badala ya kulia, jambo lisilo la kawaida kwa mabibi harusi. Achol alikata kipande cha kwanza akakipeleka si kwa wazee, bali kwa mama yangu, aliyekuwa ameketi nyuma karibu na jenereta akisikiliza kama inakwenda sawa.

Kutoka siku ile Kakuma ilikuwa yangu. Shirika moja lilinipa jiko la wafanyakazi wake, na huko ndiko nilikofanya miaka iliyobaki, na wengi wenu mlinikuta huko. Nilifundishwa na Wasomali kwamba uji wa anjera, mkate wao mwembamba kama chapati, hupigwa na kikapu kwa mwendo wa chini sana, na Wakongo wakanifundisha kuongeza mafuta kwenye mandazi wakati ndoano inazunguka, si kabla. Mashine zilikuja mpya, zenye viungo vya kusagia nyama na kukatia tambi. Vyote vizuri. Anza na vile vitatu, na ukivijua, hivyo vingine utavicheka.

Juma moja baada ya arusi nilinunua mbuzi majike watano, niliowachagua mmoja mmoja sokoni, mama akiwapapasa viwele. Rafiki zake wawili walipokea mbuzi wao kisimani, mbele ya watu, kwa sababu mama alitaka iwe hivyo. Mama Wairimu alipokea wake dukani, akasema mwisho wa mchezo ameuona, na sasa anataka mikate ishirini kila siku.

Kwa mjomba Lokwang tulikwenda hadi Turkwel. Alipowaona mbuzi wawili alimrudisha mmoja.

"Huyu ni wa ile ndoano yako," alisema. "Nimesikia ilitengenezwa kwa sabuni. Nilicheka, halafu nikaona aibu."

"Mjomba, mbuzi ni wa mama," nikamwambia. "Ndoano ni mambo yetu sisi wawili." Nikamrudishia mbuzi, nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa nilichomwagiza Lomuria anitengenezee: ndoano ya chuma, nene, yenye ncha, ya kutundikia nyama.

Mjomba aliishika kwa mikono miwili. Aliipima uzito. Aliivuta kwa nguvu zake zote, haikukunjuka. Kisha akamgeukia mama.

"Huyu mtoto wako," alisema, "hii nayo ameichora?"

"Ameichora," mama akajibu.

Mjomba akaenda kuitundika mlangoni mwake, mahali ambapo kila anayeingia lazima aione.